Mkia wa Pijo

Mtaani kwetu Kahawa Sukari mimi ndiye mtu wa magari. Sifa hiyo sikuipata kwa kumiliki gari, maana hadi leo napanda matatu. Niliipata kwa kutambua. Nionyeshe taa moja ya nyuma tu, nitakutajia jina, na ukinichokoza nitaongeza mwaka.

Basi Jumamosi moja nilikuwa kwenye shamba la watu, nje kidogo ya Ruiru, nikiulizia mbolea ya kuku, nikaona mkia ukichungulia kwenye lantana nyuma ya mikahawa. Mkia wenye ncha, umesimama kama pezi la samaki. Namba yake ilikuwa herufi tatu na tarakimu tatu, basi, bila ile herufi ya mwisho iliyoanza 1989. Pijo 404! Gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1963, likarudi kushinda mfululizo 1966 hadi 1968. Mwaka huo wa 1968 yalianza magari 93, yakafika 7.

Nikapiga picha, nikaitupa kwenye grupu ya WhatsApp ya mtaa: "Huenda hili liliwahi kukimbia Safari." Kufikia saa nane majirani watano walikuwa wamewasili, mmoja akiwa na suti ya kutoka harusini.

Nikawapa somo. Mkia hudanganya, niliwaambia. Yule Mwitaliano Pininfarina aliwachorea Wafaransa 404 ya 1960, lakini mwaka mmoja kabla alikuwa ameshawauzia Waingereza Austin Cambridge yenye sura hiyohiyo, kama fundi cherehani anayeshona harusi mbili kwa mtindo mmoja. Dawa ni kufungua boneti. Injini ya 404 imelala ubavu, mithili ya mzee aliyesinzia kwenye kiti cha dirishani.

Boneti ilikuwa imeganda kwa kutu. Nikaomba panga, nikachomeka ncha, nikalalia mpini kwa uzito wangu wote. Bati likalia, likaachia ghafla, na kuku wa kienyeji akaruka kutoka gizani moja kwa moja hadi usoni pangu. Nilipozinduka, mkono wa kulia ulikuwa umezama kwenye kiota, na mayai yale yalikuwa yamefikia umri ambao sitausimulia hapa, huenda unasoma ukila.

Kando ya mkono wangu, injini ilikuwa imesimama wima kama askari wa gwaride.

"Imelala ubavu upi?" akauliza jirani wa suti, kwa upole mkubwa.

Shosho mwenye shamba alikuja bila haraka. "Hiyo ni Ositini," akasema. "Baba watoto aliinunua kwa pesa za kahawa. Si ungeniuliza?" Kisha akainama, akahesabu maganda: 11. Akanieleza kwamba vifaranga walikuwa watoke wiki hiyo, kwa hivyo bei si ya mayai. Nikabishana kidogo, nikaangalia mkono wangu, nikatoa simu. M-Pesa ilipoingia alisoma ujumbe mara mbili, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, halafu akanihurumia.

"Usisononeke, kijana wangu. Pijo iko kule chini, karibu na mto."

Majirani wakaanza kuteremka. Mimi nikamuuliza kwanza kama ina kuku.