Yah: Ombi la Usajili wa Daftari la Wakala

Kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi,
Dodoma.

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Benki hazina neno. Nikiulizia salio la mke wangu naambiwa ni siri ya mteja, nami naondoka kwa heshima. Kisha napita kwa wakala wa miamala ya simu. Pale chini ya mwavuli daftari liko wazi: jina, namba ya simu, kiasi, sahihi. Anayetoa elfu kumi anajisomea aliyetangulia kutoa laki tatu.

Hatua chache mbele yuko bwana wa mikopo ya kausha damu. Huyo hana daftari, ana droo ya kadi za ATM za walimu, kila moja na namba yake ya siri pembeni. Anaziita dhamana. Mshahara ukiingia, yeye huupokea kabla ya mwalimu.

Programu za mikopo zenyewe zilibeba majina yote yaliyomo kwenye simu. Ukichelewesha rejesho, mama mkwe anatumiwa ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilizitaja 69 zisizo na leseni na kuzipiga marufuku. Ahsante. Namba ya mama mkwe bado wanayo.

Sasa, Sheria ya 2022 mnayoisimamia, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haikuishia benki. Inamgusa kila mkusanyaji na mchakataji wa taarifa, awe wa umma au binafsi. Inamtaka asajiliwe kwenu. Na miamala ya fedha ya mtu imeiweka kwenye fungu la taarifa nyeti. Kwa kusoma kwangu, mwenye daftari yumo, mwenye droo yumo, na duka linalokopesha simu kwa kitambulisho cha NIDA limo. (Mhasibu wa kikoba chetu anadai yeye si taasisi, ni shangazi tu. Hapo naomba mwongozo.)

Kwa hiyo lile daftari lisajiliwe. Likisajiliwa kwenu, lifunikwe na kufungiwa kabatini kama taarifa nyeti zinavyostahili. Mkiona halimo kwenye mamlaka yenu, wapelekeeni wanaosajili magazeti. Wasomaji linao tayari.

Naomba kuwasilisha.

Mteja wa mwavulini