Barua ya Wazi kwa Daktari wa Tatu

Mheshimiwa Daktari wa Tatu,
Popote ulipo,
Manila, Ufilipino.

YAH: KUTOONEKANA KWAKO KAZINI

Nakuandikia hadharani kwa kuwa ofisi yako haina mlango wala sanduku la barua, ingawa madaraka uliyopewa hanayo daktari mwingine yeyote huko Ufilipino. Mkataba wa kawaida wa ajira ya mabaharia wa nchi hiyo, toleo la 2010, unasema baharia akirudishwa nyumbani mgonjwa au majeruhi, daktari aliyeteuliwa na kampuni ndiye atakayempima na kumpangia daraja la ulemavu. Daktari wa baharia mwenyewe akipinga, pande mbili zinaweza kukubaliana juu ya daktari wa tatu, na neno lake litakuwa la mwisho. La mwisho, Mheshimiwa! Majaji hukatiwa rufaa, wewe hapana. Kasoro ni moja tu: huwezi kuteuliwa mpaka anayedai na anayedaiwa wapatane, na waliopatana wana haja gani na mwamuzi?

Usije ukadhani wanagombea maneno. Jedwali la ulemavu lina madaraja 14. La kwanza lina thamani ya dola 60,000 za Marekani, la mwisho dola 1,870. Mchukue baharia wa sitaha aliyeumia pingili za mgongo akivuta kamba za kufungia meli gatini. Daktari wa kampuni aweza kuandika daraja la 11, maana yake kiwiliwili kimepoteza theluthi moja ya uwezo wa kujongea au kuinua mzigo. Hapo ni dola 7,465. Daktari wa baharia, akiwa na picha zile zile mkononi, ataandika kwamba mtu huyu hafai tena kazi ya baharini, na wakili wake atadai dola 60,000. Si lazima mmojawapo awe mwongo. Mmoja kaulizwa mgongo umepungua kiasi gani, mwingine kaulizwa kama mwenye mgongo huo atapanda tena meli. Nami sijapata kusikia meli iliyopunguza theluthi ya uzito wa kamba zake kwa kumstahi mtu wa daraja la 11.

Mahakama ya Juu ya Ufilipino imejitahidi kuziba pengo lako. Mwaka 2008 ilieleza kwamba siku 120 za matibabu zaweza kusogezwa hadi 240 ikiwa mgonjwa bado anahitaji tiba, na mwaka 2015 ikakazia kwamba daktari wa kampuni asipotoa tathmini ya mwisho ndani ya muda huo, sheria yenyewe itamhesabu baharia kuwa na ulemavu kamili wa kudumu. Safi kabisa. Lakini katikati, mwaka 2013, ilikuwa imeamua kwamba baharia anayekimbilia kwa hakimu bila kupitia kwako amevunja mkataba, na neno la daktari wa kampuni litasimama. Ile “wanaweza kukubaliana” ya mkatabani ikageuka “lazima”, na mzigo akatwishwa mwenye mgongo mbovu. Ilibidi kungoja hadi 2023 mahakama itamke kwamba kampuni ikipuuza ombi la kukuita, waamuzi wa mashauri ya kazi waweza kupima wenyewe ripoti za madaktari. Basi leo, kwa kuwa hupatikani, mizozo ya mifupa huamuliwa na wanasheria, tena baada ya miaka ya rufaa.

Cha ajabu, ndugu yako yupo na anafanya kazi. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 wa Shirika la Kazi Duniani unaagiza kwamba baharia aliyenyimwa cheti cha afya apewe nafasi ya kupimwa tena na daktari huru. Ufilipino ndiyo iliyokuwa nchi ya 30 kuuridhia, hatua iliyouwezesha kuanza kutumika Agosti 2013. Kenya iliuridhia mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019, na vijana wetu wanazitafuta meli hizo hizo. Kwa hiyo anayezuiwa kupanda meli ana haki ya daktari asiye wa mtu. Aliyeshushwa kwa machela anaambiwa akapatane na mwajiri.

Najua watakavyojibu. Watasema madai ya uongo ni mengi na mawakili huwavizia wagonjwa uwanja wa ndege. Kweli wapo, ndiyo maana sheria ya 2015 ikapiga marufuku uchuuzi huo na kuweka kikomo cha asilimia 10 kwa ada za wanaowatetea mabaharia. Lakini tapeli hushikwa na mpimaji asiye na upande. Kampuni inayowaogopa matapeli ingekuwa ya kwanza kukutafuta. Badala yake, sheria ya mabaharia iliyotiwa saini Septemba 2024 inamtaka aliyeshinda aweke dhamana kabla ya kupokea fedha zinazobishaniwa rufaa ikiendelea. Yaani anayedai kwa kuwa hana, atangulize alichonacho.

Watasema pia daktari wa kampuni amemtibu mtu kwa miezi, anamjua kuliko mgeni wa siku moja. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi: faili lake lote lije mezani kwako. Ila kumjua mgonjwa hakumtoi mtu kwenye orodha ya malipo ya mwajiri. Na akiandika “anafaa kurudi kazini”, kuna kipimo kisichohitaji mashine: kampuni iambatanishe mkataba mpya na cheti hicho. Vinginevyo baharia atakipeleka Barabara ya Kalaw, pale Manila, mabaharia wanakosimama na bahasha za vyeti wakisubiri mawakala, aone ni nani atampokea akishaijua habari ya mgongo wake.

Ombi langu ni dogo. Jina lako lichotwe kwa kura kutoka kwa madaktari bingwa wa hospitali za umma, ndani ya siku kumi tangu ripoti mbili zipingane, na ujira wako utoke kwenye mfuko ambao kampuni zote huchangia kabla hajaumia mtu. Serikali inaweza kutoa orodha ndefu ya mabingwa itakavyo. Maadamu jina moja bado linangoja pande mbili zikubaliane, kampuni itaendelea kutojibu barua na siku 240 zitaendelea kuhesabika.

Wako katika kusubiri,
Mwandishi

Nakala: Daktari wa Kwanza, kwa taarifa.
Daktari wa Pili, iwapo mteja wake bado anamudu kumlipa.