Makayabo Hana Kosa

Siku tatu nyumba yetu ya Mudzipela, Bunia, ilinuka, na siku zote tatu tulimsingizia makayabo, samaki wa chumvi. Mke wangu alimhamishia jiko la nje, akamfunika karai, akaweka na jiwe juu, utadhani angetoroka. Harufu ikabaki sebuleni. Nikapekua viatu vya mtoto. Vilikuwa na makosa yake, ila si hayo.

Mkosaji alikaa kando ya televisheni: okidi ya zambarau niliyoletewa na dada kutoka Kampala, ndani ya chungu cha kauri kisicho na tundu. Nilipoivuta ilitoka bila ubishi, mizizi ya kahawia ikinitelezea vidoleni kama tambi za jana.

Kikao kikaitishwa. Nilikiri kuinywesha kila asubuhi. Mke wangu, saa sita. Mtoto akitoka shule aliimwagia katikati ya majani. "Pale mdomoni," alieleza.

Mama, mzaliwa wa Mambasa, alicheka hadi akashika ukuta. "Mwanangu, kule porini maua haya yanakaa juu ya miti. Mvua inapita, upepo unapangusa. Nani anayapandia na bidoni?" Yetu ni ya ukoo wa Asia, lakini nayo kwao ni mtini.

Nikageuka daktari. Wembe nikaupitisha motoni, nikakata kila mzizi uliobonyea. Mitatu tu ilisalimika. Kwenye vidonda nikapaka mdalasini wa unga, kwa uchoyo, maana ukigusa mzizi mzima huukausha nao. (Chai ya jioni tulikunywa bila.) Kisha kopo lenye matundu, maganda ya mti, na makala yaliyopondwa vipande. Makala Bunia ni ya kupikia maharage. Jirani aliyeniona nikiyaosha vumbi kwa brashi alimwuliza mke wangu, kwa upole, kama siku hizi ninapata usingizi.

Sasa mizizi ndiyo inayoagiza. Ikiwa ya kijani imeshiba. Ikipauka rangi ya fedha, inapewa maji asubuhi, inachuruzika yote, inarudi dirishani. Na katikati ya majani, hata tone. Mwezi wa pili ukachomoza mzizi mpya.

Jumapili tukapata mgeni, mzee wa heshima. Alikunywa, akabakiza, akatafuta pa kumwaga. Macho yake yakatua dirishani. Akasogea. Sote wanne tukasimama kwa pamoja. Mzee akadhani ni sala ya kuagana: akainamisha kichwa, akafumba macho, glasi ikiwa imelala juu ya okidi.

Tukaomba kweli.