Saba Yetu na Kumi na Mbili ya Jirani

Tangu matokeo ya kidato cha sita yatoke, sebule yangu imegeuka ofisi ya udahili. Binti yangu alisoma PCB na anautaka udaktari. Basi kila anayeingia, hata aliyekuja kuazima ngazi, haondoki mpaka ampigie hesabu.

Kapata B ya Kemia, B ya Baiolojia na C ya Fizikia. Kwa Baraza la Mitihani, A ni 1, B ni 2, C ni 3. Jumla 7: Divisheni Wani. Nikampigia mama kijijini.

"Saba kwa ngapi?"

"Saba tu, mama. Ikiwa ndogo ndiyo nzuri."

Akanyamaza kidogo. "Na yule wa jirani yenu?"

"Kumi na mbili."

"Wametupita. Lakini msimgombeze mtoto."

Vocha nzima iliishia kwenye maelezo. Alipokaribia kuelewa, akatokea shemeji na mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwenye simu yake. Kwenye udahili wa vyuo vikuu hesabu inageuzwa kichwa chini: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2. Saba yetu ikawa 11. Kumi na mbili ya jirani, ambayo ni D tatu, ikawa 6. Nikampigia mama tena kumpa habari kwamba sasa tuna 11.

"Kumbe wamesahihisha upya?"

Nikakata simu, nikasingizia mtandao.

Shemeji yeye alishamaliza kazi. Alitaka kujumlisha na yale masomo ya ziada, GS na BAM, akakatazwa, akaridhika na 11. "Imevuka kigezo cha chini," akatangaza. "Huyu ni daktari tayari." Tangu siku hiyo anamwonyesha vidonge vyake vya presha.

Hicho kigezo cha chini ndicho kinachonipandisha mimi presha. Watu wanakisoma kama barua ya kuitwa chuoni, wakati ni nauli tu. Nani Dar es Salaam hajasimama kituoni asubuhi na nauli kamili mkononi, akashuhudia daladala tatu zikiondoka bila yeye? Konda haulizi kama unayo nauli, wote mnayo. Swali ni mko wangapi na viti ni vingapi. Binti kaomba Muhimbili, Bugando na KCMC. Pale kituoni wamo wenye 15, A tatu zimenyooka, na hao hawaingilii dirishani.

Nayasema haya mchana, tena kwa sauti. Usiku, mke wangu akishalala, nawasha simu nahesabu: nne, nne, tatu. Nimejaribu kuanzia na Fizikia, nimejaribu kuanzia na Kemia. Inagoma kwenye 11.

Jana mama kapiga mwenyewe. Goti linamsumbua, anataka kujua daktari wake ataanza lini.

"Hajachaguliwa bado, mama. Na akichaguliwa, ni miaka mitano darasani, halafu mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Jumla sita."

Nikamsikia anahema.

"Sita," akasema. "Na hiyo nayo ndogo ndiyo nzuri, au tumeshahamia kule kwa shemeji yako?"