Namna ya Kuleta Medali ya Dresaji Kasongo

Mpaka Paris 2024, nchi yetu ya Kongo haijawahi kurudi kutoka Olimpiki na medali, hata ya shaba. Watu wenye busara wanashauri tukazane na ndondi. Mimi, ndugu zangu wa Kasongo na Kabambare, nawaletea njia ya mkato: dresaji. Ni mchezo wa farasi kucheza kwa madaha mbele ya waamuzi, huku aliye mgongoni amenyooka, hatikisiki, kana kwamba jasho lote si lake. Watu waliohitimu kukaa hivyo juu ya migongo ya wengine tunao tele. Kilichobaki ni farasi.

Usimtafute sokoni. Mbuzi utawaona, kuku utawaona. Farasi hapana, na wa kulaumiwa ni mbung'o. Livingstone alishuka Mikindani mwaka 1866 na ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu na punda, akitaka kujua ni yupi atakayestahimili mbung'o. Jibu hakulingoja sana: karibu wote walifia njiani, na fimbo za waliowachunga zikasaidia. Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, aliifikia mwaka 1869 bila mifugo ile. Baadaye akaja Daktari Joseph Dutton wa Liverpool, aliyekuwa amemtambua mdudu wa malale katika damu ya mtu huko Gambia mwaka 1901. Huyu mbung'o hawakumpata. Homa ya papasi ndiyo iliyomuua, hapa hapa Kasongo, Februari 1905. Basi kwenye bajeti yako weka dawa mbili: moja ya farasi, moja yako.

Farasi akipona, mkatie pasipoti. Sitanii: farasi wa mashindano ya kimataifa ana pasipoti yake, yenye mchoro wa mabaka yake na chanjo zake zote. Usimwonyeshe jirani anayesubiri ya kwake. Uraia nao ni rahisi ajabu. Kwenye Olimpiki farasi hufuata uraia wa mwenye mali, kwa hiyo ukimnunua mapema mwenyewe, anakuwa Mkongomani halisi, na hakuna atakayemuuliza babu yake alizikwa kijiji gani.

Sasa cheo. Zamani mchezo huu, kwa upande wa jeshi, ulikuwa wa maofisa tu. Uswidi walikuwa na sajenti hodari, Gehnäll Persson, wakampandisha uluteni kwa ajili ya London 1948. Timu ikachukua dhahabu. Baada ya wiki chache wakamrudisha usajenti, siri ikavuja, na mwaka 1949 wakanyang'anywa ushindi. Kwetu hatari hiyo haipo: ukienda porini Kabambare, mtu akishajipa ukanali hashuki tena, anangoja ujenerali. Kufikia Helsinki 1952 sheria ile ilikuwa imefutwa, Persson akarudi na kuchukua dhahabu bila kubadilisha mabega. Mwaka huo huo wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza, na Lis Hartel wa Denmark, aliyepooza miguu chini ya magoti kwa polio, akapata fedha. Wala uzee si kikwazo: Hiroshi Hoketsu wa Japani alishindana London 2012 akiwa na miaka 71. Faili lako likikwama Kinshasa, muda unao.

Uwanja ni mita 60 kwa 20, mchanga uliosawazishwa, na herufi zimepangwa pembeni bila kufuata alfabeti: A, K, V, E, S, H na kuendelea. Ardhi tambarare ya namna hiyo kwenye njia ya Kasongo kwenda Kabambare ukiipata, nitumie ujumbe. Herufi hazitakosa. Mabango ya miradi iliyokwisha bado yamesimama, na kila moja lina herufi za kutosha.

Mazoezi yenyewe tunayajua, tatizo ni kwamba tunayafanya bila muziki. Kuna piafe: farasi anakanyaga kwa mdundo pale pale alipo, hasogei. Lori la mizigo huifanya kutwa nzima mwezi wa Novemba, na abiria wakiwa wameshuka kulisukuma. Kuna kwenda mbele na ubavuni kwa wakati mmoja. Hilo muulize kijana wa pikipiki anayetoka Wamaza kwenye tope, na abiria wawili, mbuzi mmoja na madumu ya mawese, bila kumwaga tone. Charlotte Dujardin na farasi wake Valegro walipata asilimia 93.857 Rio mwaka 2016, na Valegro hakubeba dumu hata moja.

Kuhusu waamuzi, Olimpiki huwa nao 7, kila mmoja akitoa alama kutoka 0 hadi 10. Mchezaji huwasalimu kabla ya kuanza na anapomaliza. Sisi salamu hiyo tunaipiga kwenye kila barieri. Tofauti ni kwamba waamuzi wa kule wanatoa, wa kwetu wanapokea. Jambo moja tu litakusumbua: fimbo. Dujardin huyo huyo alijitoa Paris 2024 baada ya kuonekana video akimchapa farasi miguuni wakati wa mafunzo, akafungiwa mwaka mmoja. Mwenye mazoea ya kukusanya ushuru kwa fimbo asitumwe.

Kwa raundi ya mwisho, ile ya muziki, chagua rumba. Sebene iingie pamoja na piafe, na farasi akigoma kusonga, waambie waamuzi ndiyo mtindo.

Michezo ijayo ni Los Angeles 2028. Ombi kwa wizara lipelekwe mapema, likiwa na picha nne za pasipoti, mbili zako na mbili za farasi. Neno dresaji lisionekane popote kwenye barua mpaka bajeti ipitishwe. Andika ni semina.