Rangi ya Thao

Jirani, sogea hapo kwa benchi, lakini niachie upande wa kivuli. Kichwa changu siku hizi hakitaki jua. Nitakuambia kwa nini. Ila usicheke kabla sijamaliza. Wengine hapa walicheka mpaka chai ikawatoka puani, na hiyo chai walikuwa wameandikiwa kwa deni langu.

Kazi yangu unaijua. Nachenji pesa hapa Busia, upande wa Kenya, karibu na geti. Sina ofisi. Ofisi ni mfuko wa jaketi. Zamani mtu alikuwa anashuka kwa gari, anapanga laini huku, anatembea, anapanga laini tena kule, na katikati ananikuta mimi. Halafu Februari 2018 Uhuru na Museveni wakaja wakafungua kile kituo cha pamoja. Sasa mtu anamaliza mambo yake pahali pamoja, anatuma pesa kwa simu, anaenda. Mimi nimebaki na jua, vumbi la trela na mdomo.

Balaa lote lilitoka kwa huo mdomo.

Sisi wachenji tuna macho ya noti. Noti safi ina bei yake, iliyochanika ina bei yake, iliyoloa jasho tunaishika kwa vidole viwili. Mwanamke akipita tunampigia hesabu hivyohivyo. Akipita mweupe, lazima mtu aseme, "Ona hiyo. Rangi ya thao," yaani noti ya elfu. Akipita mweusi hatusemi kitu. Ama tunamuuliza kama anataka kuchenji. Mimi nilijua hayo ni maneno ya kusukuma saa. Sikujua kuna mtu anaweka rekodi.

Mama Nekesa, bibi yangu, alikuwa anaweka. Yeye anauza omena sokoni Posta, na njia yake ya nyumbani inapita hapa mbele yetu. Ni mtu wa Bunyala, mweusi, ule weusi wa chungu kilichopakwa mafuta. Jioni moja akaniwekea ugali, akakaa, akaniangalia nikimega.

"Baba Nekesa, mimi ni noti gani?"

Jirani, kuna maswali mtu anatakiwa kujifanya amekwama na mfupa. Lakini omena haina mfupa wa maana. Nikafikiria, nikajibu kwa roho safi: "Wewe ni mia mbili. Lakini mia mbili safi kabisa."

Nililala kwa kochi siku nne.

Siku ya tano nikajaribu kutengeneza. Nikamwambia, mama, hata hiyo thao unayoililia si kitu. Si tuliona 2019? Ilipofika tarehe 1 Oktoba, zile za zamani zote zikageuka karatasi ya kufungia njugu. Nikaona nimeongea kama wakili. Akaniuliza polepole, "Kwa hivyo mimi nikizeeka utanirudisha benki?"

Siku tatu zingine kwa kochi.

Baada ya hapo ndipo matumizi yakaanza, na ndipo na mimi nikaanza kulia. Wigi. Wigi, jirani, ni nywele za mtu msiyejuana naye, na bado zinalala kwa kitanda chako. Kucha. Kope. Unakumbuka 2023, ule muswada wa fedha ulitaka ushuru wa asilimia 5 kwa mawigi, kope, kucha na ndevu za bandia? Mimi mambo ya ndevu yalinisumbua wiki nzima. Nani ananunua ndevu? Zangu nazinyoa bure na bado zinarudi. Lakini ushuru wenyewe niliuunga mkono hapa kwa benchi hili, nikagonga meza, nikasema acha hawa wanawake wafinywe, sisi waume tumechoka kulipa. Habari ikafika nyumbani kabla yangu. Mama Nekesa akatoa daftari la omena, lile la kava ngumu. Akasoma. Kwa mwaka mzima, kwa urembo wote, mimi nilikuwa nimechanga shilingi 850. Na kati ya hizo, 300 nilikuwa nimezikopa tena.

Nikabadilisha mada. Nikamwambia mimi hata sipendi hayo mapambo, napenda mwanamke wa asili.

"Asili gani?" akaniuliza. "Hiyo asili yenu lazima iwe brauni, iwe na nywele za mgongoni, na izae watoto wanne bila tumbo kujua."

Mimi nikashika kitambi changu. Hiki ni kingine. Hiki ni cha heshima. Mchenji bila kitambi, mteja anadhani reti imemshinda.

Basi Jumamosi moja akanipa oda. Krimu. Akaandika jina kwa karatasi, akanipa pesa zake mwenyewe, akaniambia niende Sofia, ng'ambo, kwa sababu kule ni bei nafuu. Nikapanda boda. Na hapo nikuambie kitu cha kutuinua roho: hili neno boda boda, ambalo leo linatajwa kila mahali, lilizaliwa kwa mpaka huu wetu. Vijana wa baiskeli walikuwa wanapigia wasafiri kelele, "Border! Border!" Sisi ndio tulipea dunia. Dunia ikatupa nini? Krimu.

Ingia duka la Sofia uone. Ukuta mzima ni mirija na makopo, mingine imetoka Kongo, mingine sijui wapi, na kwa kila boksi kuna mwanamke mweupe anacheka. Mimi sijawahi kuona boksi la jembe lina mtu anacheka hivyo. Mwenye duka alikuwa mama mpole sana. Akanikaribisha, "Ssebo, ni ya mukyala?" Nikasema ni ya bibi, ndiyo. Elfu kumi na tano za Uganda. Nikajifanya mjuaji wa reti, nikapiga hesabu kwa sauti, nikakosea, akanisahihisha. Halafu akaniangalia usoni kwa huruma. "Ssebo, na wewe jua limekuharibu. Paji la uso limekufa kabisa. Nikupe ya wanaume?"

Akatoa. Krimu ileile, jirani. Jina lilelile, harufu ileile. Tofauti ni boksi jeusi, limeandikwa MEN, halina mtu anayecheka, na bei imepanda elfu tano. Mimi nikaona sasa hii ndiyo ina akili. Ya wanawake ni upuuzi, lakini hii ni ya kazi.

Kurudi, afisa mmoja akanisimamisha, akafungua mfuko. Akatoa ile ya mama. Akaniuliza kama sijui watu wa viwango, KEBS, walipiga marufuku krimu za zebaki na haidrokwinoni tangu 2001. Nikasema sijui, na nilikuwa sijui. Mimi 2001 nilikuwa nawaza mambo ya kuoa. Akauliza kwa sauti ya bunge, "Na hii ya kujichubua ni ya nani?" Laini yote ikageuka. Wamama wa nyanya, dereva wa trela, mchungaji wa kanisa letu. Nikikubali ni ya bibi, nimemuaibisha. Nikasema ni yangu. Kuna mtu nyuma alisema, "Mwacheni, mzee anataka kuolewa." Ikachukuliwa. Lakini ile ya boksi jeusi afisa aliigeuza mara moja tu akanirudishia. Alidhani ni rangi ya viatu.

Nikafika nyumbani nikamwambia mama krimu imeenda, na ni vizuri, kwani alikuwa anataka weupe wa nini mwanamke wa umri wake?

"Nani alikuambia ni yangu?"

Ilikuwa ya Nekesa.

Jirani, hapa ndipo chai yangu ilipoa. Nekesa amemaliza kozi yake ya hoteli, akapata kibarua Malaba, kwa hoteli moja ya madereva wa trela. Unajua Malaba, foleni ya malori ikikwama inalala mpaka huko nyuma, na dereva aliyekwama ni lazima ale. Walienda wasichana wawili siku moja, cheti kimoja, alama Nekesa alikuwa juu. Yule mweupe akawekwa kaunta. Nekesa akaambiwa ana mikono mizuri ya jikoni. Tofauti ya mshahara ni elfu tatu, na wa kaunta anapata chai ya wateja juu yake. Shemeji yangu, Mteso wa Amagoro, anafanya huko stoo, alimuuliza mwenye hoteli kisa ni nini. Mwenye hoteli akasema yeye hana ubaguzi, ni wateja wanapenda kuona uso msafi. Shemeji akauliza wateja. Madereva wakasema wao wamekuja kula matoke tu, lakini jicho halina pazia. Mwenye duka la krimu naye anasema anauza kile watu wanaitisha.

"Na wewe unasema rangi ya thao," Mama Nekesa akamalizia. "Krimu ni mia tano na kitu. Kaunta ni elfu tatu. Wewe si ndiye mchenji? Piga hiyo hesabu."

Nikapiga. Hesabu ilikubali. Hilo ndilo lilinikera.

Nikatafuta la kumfariji. Nikamtaja Lupita. Nikasema Lupita Nyong'o ni mweusi, ni damu ya hapa kwetu upande wa ziwa, na 2014 alibeba Oscar. Mama akasema anajua, na mwaka huohuo Lupita alisimama mbele ya watu akasoma barua ya msichana aliyekuwa karibu kununua krimu ya kujichubua kabla hajamwona yeye. Kumbe bibi yangu anasoma. Mimi sina habari. Akaongeza kwamba wiki chache baadaye kampuni ya vipodozi ya Ufaransa, Lancôme, ikamchukua awe uso wa matangazo yao. "Weusi wenyewe ukipata soko, nao unatafutiwa krimu yake."

Nikauliza kama hiyo ya Lupita inapatikana Sofia. Akanitazama tu.

Sasa ungedhani baada ya mafundisho yote hayo mtu atachukua lile boksi jeusi alitupe kwa choo. Mimi nilijifungia nalo kwa choo. Nikajipaka. Paji la uso na utosi, kwa sababu hapo katikati hakuna nywele za kuzuia. Kila asubuhi, kila jioni. Wiki ya kwanza ikawasha. Nikajua inafanya kazi. Wiki ya pili ngozi ikatoka kama ganda la kitunguu. Wiki ya tatu nikatoka nje nikiwa na kichwa cha rangi mbili: juu Fanta, kuanzia masikio kushuka Coca-Cola.

Wachenji wenzangu hawakusema kitu mwanzoni. Walikuja wote, mmoja mmoja, kimya. Kisha mkubwa wao akanishika kidevu, akaniinua kichwa kwa jua, akafunga jicho moja. "Ngojeni," akasema, "naangalia kama ndani ina simba."

Kuanzia siku hiyo mimi ni Thao Feki. Hata watoto wa shule. Hata wateja kutoka Tororo.

Aliyenionea huruma ni Mzee Daktari, yule mganga mstaafu anayekunywa chai bila sukari pale kona. Akaniita pembeni, akaniuliza kama nakojoa vizuri. Nikadhani ni matusi. Kumbe ana sababu. Akanisimulia kwamba 1972 madaktari waliandika habari za wagonjwa 60 wa figo waliolazwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na walipowauliza wanapaka nini, 32 walikuwa wanapaka krimu za kujichubua zenye zebaki. Zebaki inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, halafu inapenya kwa damu, inaenda kukaa kwa figo. Elfu moja mia tisa sabini na mbili, jirani! Zaidi ya miaka hamsini, na bado inapita hapa kwa njia za panya na watu wanaipigania bei.

"Na wale wagonjwa," nikamuuliza, "walipata weupe?"

Mzee alimaliza chai yake akaenda. Hakuniaga.

Jumapili Nekesa akaja kututembelea. Bado yuko jikoni Malaba. Nilijificha kwa taulo, lakini kwenye meza ya chakula utavaa taulo mpaka saa ngapi? Akanivua mwenyewe. Hakucheka. Heri angecheka. Akanishika utosi kwa vidole viwili, vile ninavyoshika noti iliyoloa, akasema, "Pole, baba." Halafu akatoa simu tupige picha ya familia. Sasa hizo simu zao zina kitu ndani, hazingoji ruhusa, ukitabasamu tu zinakupaka. Tulipoangalia picha, mimi kichwa kizima kilikuwa rangi moja, nyororo, bila doa. Mama Nekesa naye amekuwa brauni. Nekesa brauni. Tulikuwa wote thao. Hatukujijua hata mmoja.

Nekesa akaifuta. Mama akabaki ananiangalia kichwa, mdomo unamcheza. Nikajua inakuja.

"Baba Nekesa, leo reti yako ni ngapi?"

Ndiyo maana jana nilienda kununua kofia. Nilitaka ya kufunika tu, ya bei ya chini. Kijana wa kofia akanizunguka, akanivalisha hii nyeusi, akarudi nyuma hatua mbili, akatikisa kichwa kama amemwona rais. "Mzee, hii imekutoa. Hii inakufanya uonekane brauni zaidi."

Shilingi mia nne. Sikupunguziwa hata bob.

Na sikuomba kupunguziwa.