Msinitumie Wagonjwa

Kwa Mama, Baba, Mjomba na jamaa wote wa Barani, Malindi.

Mwenzenu huku Padova, Italia, ni mzima, ila baridi yaniuma na simu hainipi nafasi. Tangu Mjomba atangaze barazani kwamba nasomea akili za watu, kila mtu ana haja. Jirani ataka nimtazame mwanawe kwa video, kama ni jini au ni uvivu. Shangazi ataka kujua kama mchumba wa bintiye ni mkweli, na amenitumia picha yake, tena ya pasipoti. Yuko hata aliyepotelewa na mbuzi.

Jamani, hebu niwaeleze nisomalo. Saikolojia ya shahada ya kwanza ni takwimu iliyovaa buibui: hujui ni nani mpaka ishaingia ndani. Mwenye kwenda darasani akitarajia siri za nyoyo hukutana na wastani, grafu na mchepuko. Na ndivyo ilivyoanza. Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake Leipzig mwaka 1879, hakumuuliza mtu ndoto zake; alipima inamchukua muda gani kubonyeza kitufe akisikia mlio.

Shangazi, habari za mchumba ni hivi. Vittorio Benussi, aliyekuja baadaye kufundisha katika mji huuhuu, alichapisha mwaka 1914 utafiti wa kumtambua mwongo kwa anavyopumua. Lakini yule alikaa na mtu mbele yake. Picha ya pasipoti haipumui.

Mitihani ya huku mingi ni ya mdomo, uso kwa uso na profesa, na alama ni 30. Kiitaliano changu nilikiokota ufuoni kwetu, kwa vijana wa vinyago na safari. Nikibanwa na swali la kumbukumbu, kinachonijia ulimini ni kumpunguzia profesa bei. Raha ni kwamba alama usiyoiridhia waweza kuikataa, ukarudi siku nyingine. Hapo mtoto wa Malindi hafundishwi.

Iko siku nilitamba. Katika kusoma makuzi ya watoto nikakuta kipimo chenye jina la Kilifi! Kilifi yetu, basi la Mombasa linaposimama watu wakanunua korosho. Ni kazi ya Amina Abubakar na wenzake, na makala yao ni ya mwaka 2008. Kinapima watoto wa miezi 6 hadi 35: mwendo wao, na jinsi mkono unavyofuata jicho. Kilitengenezwa hapo kwetu kwa sababu kipimo cha kigeni chaweza kumtia mtoto wa Ganze makosani kwa kitu ambacho hajapata kukishika maishani. Darasa zima nililionyesha ramani, na aliyekuwa hajauliza nilimwonyesha pia.

Sasa lile mnalolingojea. Hapa amalizaye shahada ya kwanza huvikwa taji la majani, akaimbiwa na wenzake barabarani na kuitwa dottore, hata kama alisomea misitu. Picha mtaziona, lakini Mjomba asizichapishe kwenye bango. Sheria ya Italia ya mwaka 1989 haimruhusu mtu kujiita mwanasaikolojia mpaka aandikishwe, na miaka mitatu ya shahada ya kwanza peke yake haimfikishi. Yataka shahada ya pili, miaka miwili mingine, na mafunzo ya kazi. Wala nyumbani si shamba la bibi: Kenya ina sheria yake ya washauri na wanasaikolojia tangu mwaka 2014.

Kwa hivyo, nikirudi na taji kichwani, mtapokea mjuzi wa takwimu asiye na leseni. Mwenye huzuni isiyokwisha, asiyepata usingizi, anayesikia sauti asizozisikia mwingine, mpelekeni hospitali mapema, msimfiche ndani wala msimngojee mtu wa Padova. Mimi nitumieni dua na mabuyu.